Kimeo na Mlango wa Moyo

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu na nina ubishi. Nasema hivyo mapema ili atakayesoma asije akashangaa mbele ya safari. Nikishatamka jambo sirudi nyuma kirahisi, na nyumbani kwetu Kasingirima hakuna aliyekuwa na ubavu wa kunirudisha. Wazazi wetu walifariki mapema, mdogo wangu nikamlea mimi, maana tumepishana miaka kumi na mmoja. Nilimfundisha kusoma. Nilimfundisha kusuka mkeka, kupika ugali wa muhogo usio na madonge, na adabu. Siku moja, akiwa mtoto, alinisahihisha mbele ya wageni kwamba mwaka niliotaja siyo. Wageni walipoondoka nilimfinya sikio mpaka akalia, nikamwambia mkubwa hapingwi mbele za watu. Na kweli mwaka nilikuwa nimeukosea. Hakurudia tena.

Alipoolewa na mvuvi wa Mwamgongo, nilimkagua yule bwana kama ninavyokagua madaftari, nikampa alama ya kupita. Kwa hiyo mdogo wangu alipougua, hakuna aliyeuliza nani ataamua. Niliamua mimi.

Alishuka Kibirizi mwanzoni mwa kiangazi, na boti ya asubuhi, akiwa na ndoo ya dagaa na kikohozi. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha ajabu. Akiketi kinapungua, akilala kinamkaba, mpaka ikabidi awe analala ameegemea mito miwili ukutani. Tulipokuwa tunapanda kutoka ziwani kwenda barabarani alisimama mara tatu kupumzika. Nilimcheka. Nikamwambia, "We mtoto, umezeeka kabla yangu?" Naye akacheka, huku ameshika kifua. Kule kwao alikuwa ameshamaliza chupa mbili za dawa ya kikohozi na hazikumsaidia kitu.

Nikakata shauri kwamba ni kimeo.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, kwenye mlango wa koo. Kwetu kikohozi kisichosikia dawa husemwa kwamba kimeo kimerefuka, kinakwaruza koo, na dawa yake ni kukikata. Mama yetu alikatwa. Mimi nilikatwa nikiwa na miaka saba, na ninakumbuka kwamba nilipona, au walau nakumbuka nikiambiwa nimepona. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyebaki nacho, kwa sababu mama alifariki kabla ya kumpeleka. Nililiona jambo hilo kama kiporo nilichoachiwa.

Mkataji alikuwa mama mmoja wa Ujiji, mtu mzima, anayeishi nyuma ya mahali wanapokamulia mawese. Ana sifa zake. Alichemsha kisu mbele ya macho yangu, kisu kidogo kilichopinda kwenye ncha, na mimi kwa ualimu wangu nikatikisa kichwa kuridhika na usafi. Aliukandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, mimi nikamulika kwa simu. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kisha akatuonyesha kinyama kwenye ncha ya kisu, akasema, "Mwalimu, ona kilivyokuwa kirefu hiki." Nilikiona kirefu kweli. Mdogo wangu alitema damu kwenye kopo lenye majivu, machozi yakimtoka, akasukutua kwa maji ya chumvi. Njiani nikamnunulia soda.

Kikohozi kilipungua. Hapo ndipo kila kitu kinaponichanganya mpaka leo, kwa sababu kilipungua kweli. Kwa siku kumi hivi alilala kwa mto mmoja, nami nikatembea na shingo ndefu. Daktari baadaye alisema huenda ni kwa sababu alikuwa amepumzika kwangu, habebi ndoo wala hapandi milima ya Mwamgongo. Inawezekana. Lakini siku hizo kumi ungeniuliza, ningekuapia kwamba ni kimeo.

Katika wiki ya tatu homa ikaanza. Ilikuwa inakuja jioni, inamtetemesha, halafu inamwacha amelowa jasho kana kwamba katoka kuoga ziwani. Tukaenda zahanati. Malaria haikuonekana, lakini dawa ya malaria akapewa ili tuwe na uhakika. Homa ikarudi. Tukaenda kwingine, wakasema taifodi, akameza vidonge vya taifodi. Ikarudi. Wakasema mkojo mchafu. Shemeji yangu alikuja kutoka Mwamgongo, akamtazama mkewe alivyokonda, akasema ni watu wa kule ufukweni wanaomwonea wivu kwa sababu ya nyavu zake. Nilimkaripia. Lakini nilipobaki peke yangu nilijiuliza, na kama ni kweli?

Kisha nikaona chini ya kucha zake mistari myembamba myeusi, kama vijiti vilivyomchoma. Nikasema ni miti ya chanja anazoanikia dagaa. Nilichukua sindano, nikaipitisha kwenye moto wa kiberiti, nikajaribu kuvitoa. Alivumilia. Hakuna kilichotoka, kwa sababu havikuwa vijiti. Ilikuwa damu. Bado nikiukumbuka mkono wake umelala juu ya paja langu, naona aibu.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, aliyepangiwa kazi kwetu kutoka mkoa wa mbali, Kiha, lugha yetu, hajui hata salamu. Alinisalimia, "Shikamoo, Mwalimu," kabla hata sijajitambulisha, maana aliona wino mwekundu kwenye vidole vyangu na kalamu iliyochungulia mkobani mwangu. Nilimpenda papo hapo. Alimwekea mdogo wangu kipimo kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, muda mrefu sana kuliko wote waliotangulia. Baadaye akaomba karatasi. Nikampa daftari la maandalio ya masomo, naye akanichorea moyo wenye vyumba vinne na milango yake.

"Kuna mlango mmoja haufungi sawasawa," akasema. "Utotoni aliwahi kuvimba magoti, ikatoka hapo ikaenda kwenye vifundo?"

Aliwahi. Alikuwa na miaka minane, na mama akamkanda kwa mawese ya moto mpaka ikaisha. Daktari akasema haikuisha, iliacha kovu kwenye mlango wa moyo, na ndiyo iliyokuja kumletea kikohozi cha kulala. Sasa, wadudu wakipata njia ya kuingia kwenye damu, hupenda kujishikiza kwenye kovu kama lile, wakajijengea. Akamtoa damu, akaijaza kwenye chupa tatu ili zipelekwe maabara Mwanza, wakaoteshe wamjue mdudu mwenyewe. Halafu akaanza kuuliza njia.

Aliuliza kama kuna jino limeng'olewa, kama kachomwa sindano za mtaani, kama ana kidonda. Nikajibu hapana, na yote yalikuwa kweli. Kisha akasema, "Nisamehe, Mwalimu, inabidi tu niulize. Kimeo je? Amekatwa karibuni?"

Mdogo wangu alikuwa amelala pale katikati yetu. Nilikuwa nimesimama kama msomi mbele ya msomi mwenzangu, mtumishi wa serikali na mtumishi wa serikali, na daftari langu likiwa mkononi mwake. Nilijua vizuri kwamba watu wa hospitali wanawasema vibaya wanaokwenda kwa wakata vimeo. Mimi mwenyewe nimewahi kuwasema wazazi wa wanafunzi wangu kwa jambo hilohilo, kwenye mkutano wa shule.

"Hapana," nikasema. "Labda utotoni. Siku hizi tumeelimika, daktari."

Akatabasamu, akaandika.

Baadaye sana nilimuuliza daktari kwa nini hakuangalia koo la mdogo wangu. Akasema aliangalia. Aliona kimeo hakipo, lakini wagonjwa wengi anaowaona kwetu hawana, wamekatwa wakiwa watoto, na mwalimu alishasema. Aliniamini mimi kuliko alivyoliamini koo.

Walimtundikia dawa ya mshipa. Homa ikashuka kidogo, siku mbili, halafu ikapanda tena. Nilikuwa naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nafundisha vipindi viwili vya mwanzo kisha nakimbilia wodini na chupa ya uji. Siku ya tano Mwanza wakapiga simu kwamba hakuna kilichoota. Daktari alisimama miguuni pa kitanda, ameshika faili, akasema, "Sielewi."

Neno hilo lilinitisha kuliko homa. Mimi kutoelewa ni sawa, lakini yeye? Na hapo nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza. Siyo aibu peke yake. Nilikuwa najiuliza kwa dhati, koo na moyo vinakutana wapi? Kidonda kilishapona, tena kilipona vizuri, alikuwa anakula hata dagaa wa kukaanga. Kwani chakula kinashuka kwenye moyo? Nilifungua kitabu cha sayansi cha darasa la sita, nikatazama mchoro wa mwili wa binadamu, sikuona njia. Nikajipa moyo kwamba hata nikisema haitasaidia, nitakuwa nimejiumbua bure.

Siku ya saba asubuhi nilimpa kikombe cha uji, kikamponyoka. Nikadhani usingizi. Nikamwekea tena mkononi, mkono wa kulia, kikaanguka tena, na mkono wenyewe ukaanguka nacho. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nilimwita kwa jina lake la utotoni, akanitazama vizuri tu, akasema, "Amazi." Nikamuuliza kwa Kiswahili kama anataka maji au uji. Akakunja uso kama mgeni asiyejua lugha. Kiswahili chote, nilichomfundisha kwa kidole kwenye kitabu, kilikuwa kimeondoka. Alibaki na Kiha, na Kiha chenyewe maneno machache: amazi ya maji, ego ya kukubali, oya ya kukataa, na jina la mama.

Daktari alieleza kwamba ule uchafu uliojijenga kwenye mlango umekatika kipande, damu imekibeba hadi kwenye ubongo. Akaanza kumuuliza maswali, na kwa kuwa Kiha hajui, mkalimani nikawa mimi. "Muulize kama kichwa kinauma." Nikauliza. Ego. "Muulize kama anaona vizuri." Ego. "Muulize kama anajua yuko wapi." Oya. Nilikuwa napokea maneno yake na kuyahamishia kwa daktari, na kila nilichosema aliandika, bila shaka yoyote. Kalamu yake ilivyokuwa inakwenda, nikashindwa kuvumilia. Nilimshika mkono nikamvuta nje, kwenye veranda.

"Daktari, alikatwa kimeo. Ina wiki nane. Nilimpeleka mimi, na taa nilimulika mimi."

Laiti angenifokea. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, na kusema kweli nilikuwa nimeandaa na majibu. Alitazama saa, akatoa simu, akaanza kupiga Mwanza huku anatembea, mimi nikimfuata nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nikamsikia akisema mambo ya mdomoni, wadudu wa mdomoni, wengine wanachelewa kuota, msitupe. Yule wa upande wa pili akasema chupa zilipaswa kuwa zimeshatupwa tangu juzi. Akaenda kuangalia. Tukasubiri. Kumbe aliyepewa kazi ya kuzitupa alikuwa hajazitupa, ziko vilevile ndani ya kabati la joto. Mimi nina ukali na wavivu, kila mtu shuleni anajua, lakini huyo nilimwombea kwa Mungu, na ninamwombea bado.

Siku ya tisa mdudu akaota. Daktari aliniandikia jina lake kwenye daftari, chini ya mchoro wa moyo, maneno mawili marefu ambayo sijui kuyatamka. Alisema hata yeye hajawahi kukutana naye, amesoma tu. Ni mdudu anayekaa mdomoni mwa watu, mpole, hana shida na mtu mpaka apate upenyo. Dawa ya kwanza haikuwa inamdhuru. Walibadilisha, na baada ya siku nne homa ilikwenda na haikurudi.

"Kwa hiyo ni kimeo," nilimwambia.

"Inawezekana."

"Inawezekana maana yake nini?"

"Maana yake, Mwalimu, ana gego bovu pia. Lingeweza kuwa hilo. Hatutajua."

"Na ningesema siku ya kwanza?"

Alikuwa kijana mwaminifu, hilo ndilo tatizo lake. "Ningewaambia Mwanza wasubiri, na ningeanza na dawa nyingine. Lakini kile kipande kingeweza kukatika hata hivyo. Sijui."

Nilitaka anihukumu au aniachilie, kimojawapo. Hakufanya lolote kati ya hayo, akaenda kuona mgonjwa mwingine.

Mdogo wangu alikaa wodini wiki sita. Mdudu aliisha, lakini mlango ulikuwa umeshaliwa, haufungi tena kabisa, na ikabidi tupande treni hadi Dar es Salaam akafanyiwe upasuaji. Kule kitanda cha jirani alikuwepo mama kutoka Tabora mwenye ugonjwa uleule. Wa kwake alikuwa mdudu wa kawaida tu, waliyemtambua mapema, wakamwanzishia dawa inayotakiwa siku hiyohiyo. Binti yake alieleza kila kitu, hakuficha hata punje. Yule mama alifariki siku mbili kabla mdogo wangu hajapelekwa chumba cha upasuaji. Binti yake alinikumbatia akaniambia, "Mama, ombea wako." Sikujua niuweke wapi uso wangu. Aliyesema kweli kazika, aliyedanganya karudi na mgonjwa wake. Nimejaribu kuipata mantiki yake, sijaipata.

Tuliporudi, nilikwenda Ujiji kwa yule mkataji nikiwa nimefura. Nilimkuta anaanika muhogo. Nilimwambia yote, na sauti yangu ilisikika mpaka kwenye mitambo ya mawese. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe uliniletea kikohozi. Moyo mbovu uliniambia?" Sikuwa nimemwambia, kwa kuwa sikuwa najua. "Nikifukuza wanaokuja hapa," akaongeza, "watakwenda kwa asiyechemsha kisu." Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ileile, ila sasa sikujua ni ya nani.

Mdogo wangu anaishi kwangu siku hizi, kwa sababu anahitaji kupimwa damu mara kwa mara na Mwamgongo ni mbali na vipimo. Shemeji huja na boti kila wiki. Mdogo wangu ana mlango wa chuma moyoni, aliowekewa kule Dar es Salaam, na nyumba ikitulia unausikia unavyogonga, tik, tik, kama saa ya mezani. Mkono umepata nguvu kiasi. Kiswahili kimerudi kwa kuchechemea, kimechanganyika na Kiha, anasimama katikati ya sentensi kutafuta neno, nami nimejifunza kutomtafutia.

Kilichonitesa ni shukrani zake. Kila mgeni akiingia, humwambia, "Bila dada ningekufa." Anasema polepole, kwa taabu, neno kwa neno, na mgeni ananigeukia kunisifu. Nilivumilia hivyo karibu miaka miwili. Sikuwa na hakika hata anakumbuka kitu cha wodini, maana daktari alisema siku zile huenda zimefutika. Nikasema basi, zikifutika na hili limefutika.

Mwezi uliopita alikuja jirani na mjukuu anayekohoa, akaniuliza nyumba ya mkata vimeo wa Ujiji iko upande gani. Nikamwambia aanzie hospitali, na akifika aulizwe asiulizwe, aseme kila kitu. Nilimwambia kwa ukali usiostahili. Alipoondoka mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto, ananitazama. Nikaona nikiahirisha tena sitasema kamwe. Nikakaa chini.

Nikamwambia: daktari aliniuliza siku ya kwanza, nami nikasema hapana. Wewe ulikuwa umelala. Nilidanganya kwa sababu aliniita Mwalimu. Huenda mkono wako ni mimi, huenda siyo mimi, hakuna anayejua, lakini usinishukuru tena mbele za watu, siwezi. Nililia. Sikumbuki mara ya mwisho nililia mbele yake.

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Akatoa moja, akatoa la pili. Moyo wake ulikuwa unagonga tu.

"Nilikuwa macho, dada," akasema.

Sikumwelewa. Nikadhani maneno yamempotea, amekosea neno. Nikamuuliza anasema nini.

"Nilikuwa macho. Nilisikia akiuliza." Akasimama kutafuta neno, na nikamwacha alitafute. "Wewe ulishasema oya. Mimi niseme ego? Mbele ya mgeni?"